Benchi la Posta ya Zamani

Usiniambie ni joto. Joto nimelizoea, na siku hiyo nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Al Ras, Dubai.

Nilikuwa nimepangiwa kulinda posta ya zamani, iliyokuwa ikikarabatiwa iwe makumbusho. Enzi hizo wapagazi na mabaharia walikaa humo kwenye benchi refu wakingoja meli ilete habari za kwao. Benchi lilikuwa bado lipo. Dirisha la karani lilizibwa kwa mawe zamani sana.

Adhuhuri mafundi walienda kupumzika, nikafunga geti. Nilikuwa hoi, lakini moyo ulikuwa mweupe: kesho yake nilikuwa nasafiri kwetu Kitui kumwona mama, aliyekuwa mgonjwa. Nikaketi kwenye lile benchi. Kuinua macho, mzee wa kanzu yuko kando yangu, bega kwa bega. Aliingilia wapi?

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili laini cha Unguja, "nishikie nafasi yangu. Nakwenda kuswali, narejea sasa hivi."

Wewe ungesemaje? Kwetu watu huombana hivyo kila foleni, benki hata hospitalini. Nikamjibu, "Haya mzee, nenda tu."

Akashusha pumzi kama mpagazi anayetua gunia, akaelekea kwenye lile dirisha lililozibwa, akapenya mawe akatoweka. Niamini. Kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na alama za buti zangu tu.

Mzee Salum, Mzanzibari anayeuza viungo duka la jirani, hakucheka nilipomweleza.

"Huyo alingoja habari za kwao mpaka posta ikahama, akafia papo hapo. Umemwitikia?"

"Nimemwitikia."

"Maskini wee. Basi nafasi umeichukua wewe."

Jioni hiyo msimamizi akanipigia: likizo imefutwa, khalas. Mama akazikwa bila mimi. Tangu hapo kila mwaka naahidiwa likizo, na kila mwaka hutokea jambo. Jengo limekwisha, watalii wanajipiga selfi, na mimi bado niko mlangoni. Nimechoka, jamani.

Juzi tuliletewa mlinzi mpya, dada aliyeacha mtoto mchanga kwao Meru. Akaketi kando yangu kwenye benchi. Maneno ya yule mzee yakanifika ulimini. Nikayameza, nikatoka nje nikalia.

Kesho sijui kama nitaweza kuyameza tena. Kwa hiyo ukipita Al Ras, mlinzi mmoja akikuomba umshikie nafasi kidogo tu, usinionee huruma. Usiitikie. Nenda zako.