Unga Mweupe Jikoni kwa Klementina

Mjomba wangu Polikarp wa kijiji cha Kate alikuwa haachi betri ife. Sisemi hivi kwa kumtania, ingawa nilimtania sana. Ujana wake ulikuwa wakati wa uhaba, duka la kijiji likileta betri kwa msimu na watu wakigawiwa kama sukari, na aliyekosa alikaa na redio bubu. Huko ndiko alikojifunza kuziamsha. Betri ikichoka aliianika juani juu ya bati. Ikikaidi aliing'ata ubavuni mpaka ibonyee. Na wakati wa kipupwe, jua la Ufipa likiwa la kutazama tu, aliilaza kwenye majivu ya moto jikoni ipate joto, na kweli redio iliimba tena. Majirani walimletea zao, naye alizipokea kwa uso wa daktari.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa na malori yakaanza kushusha bidhaa kutoka Tunduma mpakani bila kupumzika. Dukani kwa Adolfu, ambako zamani palikuwa na aina moja ya tochi na mara nyingi hata hiyo haikuwepo, ukuta mzima ukajaa tochi. Tulisimama mbele yake tumeduwaa. Tulijua kupanga foleni na kushukuru kwa kilichopo, lakini kuchagua hakuna aliyetufundisha.

Mkewe mjomba, Klementina, macho yake yalikuwa hayaoni giza likiingia. Masika moja aliteleza kwenye mfereji ulio kati ya jiko na nyumba, akavunjika mkono. Mjomba aliapa mbele yetu sote kwamba mkewe hatavuka uwanja ule gizani tena. Ndipo alipotaka tochi ya kuchaji, yenye betri moja nene kama kidole gumba. Betri za lithiamu, alisema Adolfu, aliyekuwa akizichaji kwa sola yake, na mwanga wake unafika ng'ambo ya bonde.

Zilikuwapo betri za aina mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, ina bei, na ubavuni imeandikwa nguvu yake, elfu mbili na mia sita. Nyingine ilikuwa nyekundu, inang'aa, bei nafuu, na imeandikwa elfu tisa na mia tisa.

"Nani aache elfu tisa achukue elfu mbili?" mjomba aliniuliza, na mimi nikamwona mjanja.

Ile nyekundu haikumaliza hata jioni moja. Klementina alikuwa hajamaliza kuosha vyombo, mwanga wa tochi umeshakuwa mwekundu nao kwa uchovu. Mjomba aliirudisha kwenye sola mara kadhaa, ikawa vilevile. Basi akaona mambo ya dukani yamemshinda, akarudi kwenye ufundi wake. Kwanza aliing'ata. Ilikuwa chuma kitupu, meno yakagoma, na mpaka leo naona ni Mungu aliyeyagomesha.

Asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa sita nilikuwa nimewapelekea unga wa ulezi. Klementina alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa karibu na mlango. Mjomba akaingia akisugua viganja, akachuchumaa, akaifukia ile betri kwenye majivu pembeni mwa mafiga. Alisema ipate joto kidogo tu. Hakuna aliyemzuia. Tulikuwa tumemwona akifanya hivyo maisha yetu yote, na kweli mazoea yana taabu.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka sufuria ikiruka, makaa yakitawanyika, na harufu chungu iliyotufunga koo. Gamba la betri lilikuwa limepaa na kujichomeka kwenye nyasi za paa, nazo zilikuwa zimeanza kufuka moshi. Nililichomoa kwa fimbo, nikamwaga ndoo nzima ya maji juu, nikageuka. Klementina alikuwa amekaa sakafuni na mwiko mkononi, hajongei, uso wote mweupe.

Nilijua amekufa. Sikudhani, nilijua.

Mjomba alimfikia kwa magoti. Alimfuta uso kwa kiganja huku akiita "mama Timoth, mama Timoth", na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Klementina akafumbua macho. Alikuwa ameungua shingoni, na masikio yalimvuma kwa siku nyingi baadaye, lakini alikuwa hai. Mjomba akalia mbele yangu bila kujificha.

Alipotulia akatazama kiganja chake.

"Huu unga umetoka wapi?" akauliza.

Nikatazama na mimi. Jikoni mle mlikuwa na unga wa ulezi peke yake, na ugali uliotapakaa ukutani ulikuwa wa kahawia iliyoiva. Kiganja cha mjomba kilikuwa cheupe kama kilichoshika chokaa.

Jeraha lilipoanza kukauka tulikwenda Sumbawanga watu watatu, maana Klementina alikataa kubaki. Mjomba alilibeba lile gamba kwenye leso. Kule sokoni kuna fundi wa redio anaitwa Enock, kijana mpole, akatuamkia shikamoo, akalitazama, na wala hakushtuka. Hilo lilinikasirisha. Akavuta kopo la mabovu, akatoa betri nyekundu kama ile, iliyokwisha pasuliwa. Ndani palikuwa na kibetri kidogo kama punje ya haragwe. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa imeshindiliwa unga mweupe ili mnunuzi akiishika asione ni tupu.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Yaani mahali fulani duniani mtu mwenye mama yake alikaa kitako, akajaza unga kwenye betri, akaandika elfu tisa, akalala usingizi! Enock alisema betri ya ukubwa ule hakuna aliyewahi kuitengeneza ikafika hata nusu ya namba hiyo.

Mjomba hakujali namba. "Kwa hiyo haikuwa imechoka?"

"Haikuwahi kuwa nzima, mzee." Enock akamrudishia gamba lake. "Ila hata ile nzima, ungeiweka kwenye majivu ingelipuka. Tena vibaya zaidi. Hizi hazipashwi moto, hazibonyezwi, hazing'atwi."

Nilimwona mjomba akitafuta benchi kwa mkono, kama mkewe anavyotafuta ukuta jioni. Alikuwa tayari kuwalaani wenye unga. Hakuwa tayari kusikia habari za majivu yake mwenyewe.

Klementina ndiye aliyenunua betri mpya, palepale kwa Enock. Alishika ya kijivu mkono huu na nyekundu mkono ule, akazipima kama anavyopima kuku, akasema ya kijivu ndiyo ina kitu. Alikagua ganda lake kama halijachanika. Enock akamwambia aichaji akiwa macho, na siku akiiona imevimba au imepata moto asiiguse kabla haijapoa, kisha aitoe nje, mbali na nyumba. Klementina akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii usiiguse, baba Timoth," alisema. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo hakuamsha betri ya mtu. Wakileta, aliwaelekeza kwa Adolfu na kugeuka. Nilidhani ni woga, na kwamba woga ungepita.

Masika yaliporudi, mawingu yaliifunika sola ya Adolfu siku kadhaa mfululizo. Jioni moja nilikuwa kwao, nimekaa jikoni. Klementina akasimama mlangoni mwa jiko, tochi ikafifia, ikazima. Mjomba akainuka barazani, akavuka uwanja, akanyoosha mkono aipokee. Nyuma ya Klementina makaa yalikuwa bado yanawaka. Nilikwishasimama nimnyang'anye.

Akaitia mfukoni.

"Imelala," alisema. "Nishike mkono."

Wakauvuka mfereji taratibu, yeye mbele, akimwambia pa kukanyaga. Mimi nilibaki pale jikoni, nikayafunika makaa kwa majivu.