Nilivyokiri Kosa la Binti Yangu

Mimi sikusoma, lakini hapa Litein hakuna kesi ya boma iliyonishinda. Basi binti yangu Chebet, mwalimu wa kupiga mbizi Mombasa, akarudi nyumbani. Mwanafunzi aliumia majini, na shirika lililompa Chebet cheti likamsimamisha. Ati anajitetea kwa karatasi! Upuzi! Kwetu mzazi hukubali kosa kwanza, hasira ipoe. Nikamwambia karani wa sokoni aniandikie shirika barua kisirisiri: "Mtoto amekosa, tusameheane."

Jana jibu lilifika. Chebet akatusomea, mimi na mama yake: walishaona kosa ni la mwanafunzi, lakini kwa vile familia imekiri, uchunguzi unaanza upya.

Akanigeuzia nakala ya barua yangu, waliyoiambatanisha.

"Baba, hii alama ya kidole gumba ni ya nani?"