Zamu ya Moges

Moges aliamka mwili mzima unamuuma, kama mtu aliyelala chini ya magunia ya shayiri. Lakini leo hakuna kulala. Leo Kocha Worku anachagua wa kubaki kwenye klabu, na Moges, tangu aboronge mashindano ya Hawassa, alijua anatazamwa.

Walikimbia kwenye lami ya Sendafa, kwa mstari mmoja kama kawaida yao, kila mtu macho kwenye visigino vya aliye mbele. Mbele wanapokezana. Ukikaa mbele upepo wote ni wako, unawabeba wenzako. Ukichoka unapisha, na wewe unabebwa. Kukimbia peke yako kwao ni uchoyo, sawa na kujifungia ndani ukala.

Zamu yake ikafika. Akashika mbele. Hata hawajamaliza kilima cha kwanza, mapaja yakawa mawe.

"We Moges, unatupeleka mazishini?" Asnake akapiga kelele nyuma yake. Hao wawili wanakaa chumba kimoja. "Punda wa kuni katupita, bwana!"

Watu wakacheka huku wanahema. Moges akajikaza, wapi. Akasogea pembeni, akashika magoti. Mstari ukampita.

Kocha akateremka kwenye gari lililokuwa likiwafuata. Hakumtazama usoni, alitazama viatu.

"Hili tope jekundu ni la mlima Entoto. Sisi Entoto hatujapanda tangu mvua zianze. Ulienda na nani?"

Moges akafuta kiatu kimoja kwenye nyasi.

"Jana, siku ya kupumzika, mwanangu?"

"Nilitaka kukomaa, kocha. Baada ya Hawassa..."

"Umekomaa sasa? Nguvu umezimwaga mlimani peke yako, wenzako leo wamekosa zamu yako." Akapangusa uso. Naye alionekana kuchoka. "Wiki hii unalala. Nikisikia umekimbia hata kufuata mkate, usirudi kwangu. Ukiweza kulala, nafasi yako ipo."

Alfajiri ya kesho yake, Asnake alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Asnake. Nitembee tu mpaka barabarani?"

"Lala, ndugu yangu. Zamu yako nitaikimbia mimi. Ila ukitoka, nakusema. Sikufichi."

Mlango ukafungwa. Moges akazisikiliza hatua zikiishia kichochoroni. Miguu ikaanza kucheza yenyewe chini ya shuka. Akalivuta lile shuka zito mpaka kichwani, akashika mbao za kitanda kwa mikono yote miwili, akang'ang'ania.