Kompyuta ya Secilia, Mwandishi wa Marehemu

Secilia nimemjua tangu darasa la kwanza. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa sisi wote, mimi nikimfuata kwa karibu. Baadaye alipiga chapa katika ofisi ya misheni hapa Lushoto hadi ofisi ilipofungwa, na mzungu aliyekuwa mkubwa wake akamwachia kompyuta. Ilikuwa ndogo, haizidi debe, kioo na mwili kitu kimoja, na ilionyesha rangi wakati televisheni za mjini bado nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Kwa karibu miaka thelathini aliandika humo historia za marehemu wa huku kwetu. Msiba ukitokea, wajomba na mashangazi walimjia asubuhi wakibishana. Mmoja anasema marehemu alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine anasema wakati wa nzige alikuwa tayari anachunga mbuzi. Secilia alisikiliza, akaamua, akaandika ukurasa mmoja, akauchapa, na alasiri ukasomwa makaburini. Shukrani yake ilikuwa viazi au kabichi. Sote tuliamini wazee wetu wamo ndani ya mashine ile. Yeye ndiye aliyeamini kuliko wote.

Julai iliyopita, baridi ilipokaza, ikaanza kukataa kuwaka. Aliifunika blanketi, akaisogezea jiko la mkaa. Siku nyingine iliitika, siku nyingine ilinyamaza. Ndipo akaja Elieshi wa Magamba. Nyumba yao iliungua na karatasi zote, na sasa ndugu walikuwa wanamwambia kuwa mama yake hakuwa wa ukoo, hivyo shamba si lake. Akaomba historia ya mama yake, ile iliyosomwa mazishini. Secilia akamwambia atulie, mama yumo.

Mashine tuliibeba mimi na Secilia kwa kupokezana, tukipumzika kila kona, hadi kwa fundi Bryson mjini. Akatuamkia, akafungua nyuma, akavuta bodi, ule ubao wenye vidude vyote, ikatoka kama droo. Akasema njia ziko tatu. Anaweza kubadilisha vidude vilivyozeeka vinavyovuja maji na kuongeza memori, ingawa mashine haipokei zaidi ya megabaiti kumi. Anaweza kuagiza nje bodi ya kompyuta kubwa zaidi ya aina hiyohiyo, inaingia kwenye reli zilezile, ila waya mmoja mmoja itabidi uhamishwe. Au atoe matumbo yote, aweke kompyuta ya kisasa, libaki umbo tu.

"Umbo nalifanyia nini?" Secilia akauliza. "Hata mimi umbo limebaki."

Akachagua ya kwanza. Siku ya nne tulirudi, ikawaka. Bryson akatafuta, akatafuta tena, kisha akageuka taratibu.

"Bibi, hapa kuna historia moja tu. Ya mzee Hashimu wa mwezi uliopita."

Secilia akamwambia atazame vizuri, kila mara alikuwa anahifadhi. Bryson akamwomba amwonyeshe alivyokuwa akifanya. Secilia akafungua ukurasa wa mzee Hashimu, akaanza kufuta jina ili aweke jingine, kama alivyofundishwa ofisini kwa fomu za barua. Mkono wake ukasimama katikati. Alikuwa anamwandika wa leo juu ya wa jana, anahifadhi palepale. Miaka yote ile.

Bryson, kijana mstaarabu, akauliza kwa sauti ndogo kama basi aagize ile bodi kubwa. Tukaibeba mashine, tukarudi nayo nyumbani.

Kwa Elieshi Secilia alikwenda mwenyewe, mguu unamuuma. Yule mtu alimsihi sana: si wewe uliyeandika, bibi, utakuwa unakumbuka, niandikie tena, jina la babu tu.

"Nilikumbuka mpaka nilipopata mashine," akamwambia. "Nikianza kubahatisha leo, nitakuwa nakuandikia uongo, mwanangu."

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama kanisani akasema yote, bila kumsingizia mtu. Akaomba wenye karatasi walete. Zimeletwa kumi na moja, nyingine mchwa wamezila pembeni. Ya mama yake Elieshi haimo.

Sasa anazipiga upya, kila mmoja na ukurasa wake na jina lake juu. Akimaliza mmoja anaegemea ukuta, anafumba macho. Mimi namsomea, kwa sababu macho yangu bado yanaona. Jana tulifika wa nne. Akaniambia, "Dada, kesho usije asubuhi. Niache nilale. Wa tano atanisubiri mpaka mchana."