Nyasi za Uwanja wa Gofu

Mama mmoja wa Endarasha huja kucheza gofu hotelini kila Jumamosi, kofia ya sufu, boshori, kichwani, viganja vigumu kwa kukamua ng'ombe. Kando ya uwanja nyasi huachwa makusudi zirefuke, zimeze mipira. Kwa mfugaji, hayo ni matusi. Mpira wake ukitumbukia humo, Muthomi, anayembebea fimbo, huutafuta peke yake; mama hung'oa nyasi, huzinusa, huzitafuna kidogo. Ukame wa mwaka huu umemwachia ng'ombe wawili tu.

Jumamosi iliyopita alishinda shindano. Meneja akamkabidhi kombe, akamwomba aseme neno. Mama akampa Muthomi kombe.

"Shika."

Kisha akamgeukia meneja. "Sasa hii nyasi yote, nani anakula?"