Mwenye Pampu Aja Mkutanoni

Merle Trevaskis aliwapikia wakata manyoya ya kondoo maisha yake yote, na mwanamke wa kuwapikia wanaume wale hatishiki ovyo. Lakini Jumapili ile, kwenye ukumbi wa klabu, alikuwa na hofu. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la Chama cha Mto, chama cha siasa cha kutetea mto usikaushwe, tawi la watu wachache wa kuhesabika, na bila kumwambia yeyote alikuwa amemwalika Gino Favaretto, mkulima wa pamba. Mwenye pampu ya kuvuta maji ya mto uleule! Kaka yake Clive angeweza kurudisha kadi ya chama papo hapo, na nusu ya tawi ingemfuata.

Tena alikuwepo Lomax, katumwa na makao makuu Sydney.

"Jamani, tufute kwenye sera yetu kipengele cha kuzima pampu za mtoni wakati wa ukame," akasema. "Wenye pamba watatuunga mkono. Bila wao hatupati kiti bungeni."

"Tukifuta tunabaki na nini, jina?" Merle akamkata. "Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

Hapo Gino akaingia, kofia mkononi. Clive akasimama, uso umemwiva.

"We Gino! Mwaka ule wa ukame mto ulikauka, kondoo wangu wakanasa kwenye tope wakitafuta maji. Nikawapiga risasi mwenyewe. Ulikuwa wapi?"

Merle aliomba moyoni yule bwana adanganye, hata kidogo tu.

"Nilikuwa navuta maji," Gino akajibu. "Sheria iliniruhusu. Majirani wanavuta, mimi nikiacha nafilisika peke yangu. Tungeni sheria ya kutuzima sote, muanze na pampu yangu."

Lomax akadakia, "Mzee Favaretto, hicho kipengele tunaweza kukilegeza..."

"Ukilegeza, huku nimefuata nini?"

Loh! Merle akaitisha kura: Gino aingie chamani, kipengele kibaki vilevile. Mikono ikapanda kwa kusitasita, mpaka wote wakawa wanamtazama Clive. Alikuwa ameinamia sakafu, taya zikimcheza. Merle alimpenda kaka yake kuliko chama chochote, na alijua fika: akitoka leo, harudi.

Clive akainua mkono.

Gino akamwendea, akamnyooshea wake.

"Kura nimekupa," Clive akasema, akitia mikono mfukoni. "Mkono nitakupa ukame ujao, pampu yako ikiwa kimya."