Batri Niliyoazima Ili Nimsikie Mama

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Imenirudia tangu juzi, nilipokukuta umeifungua mashine yako ya diski, vipande vimejaa meza nzima, na wewe unalalamika kwamba sauti bado si safi unavyotaka. Sikukucheka. Nilikaa kando nikakuangalia tu, kwa sababu homa hiyo naijua. Niliiugua mimi mwenyewe pale Kitshanga, miaka ya vita.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la vitambaa na redio karibu na soko, na mimi ndiye niliyekaa naye dukani. Mama alikuwa amefariki tukiwa bado Butembo, mimi nikiwa na miaka tisa. Aliimba katika kwaya ya parokia, na kabla hajaugua kwaya hiyo ilirekodi nyimbo zake. Miaka mingi baadaye shangazi alitutumia diski ya nyimbo hizo. Baba aliisikiliza mara moja, akatoka nje, hakuiulizia tena. Mimi sikuweza kuiacha.

Shida ilikuwa hii: mule ndani waliimba wanawake wengi pamoja, na lekteri yetu, ndivyo tulivyoiita mashine ya diski, iliwachanganya wote wakawa sauti moja nzito kama uji. Mama alikuwa humo, na mimi mtoto wake nilishindwa kumtofautisha na wenzake. Unaona inavyouma? Nilikuwa nimeanza hata kusahau alivyokuwa anasema jina langu.

Basi nikaanza kuitengeneza lekteri. Fundi wa redio aliyefanya kazi barazani kwetu alinifundisha kulehemu. Nikasafisha jicho la mashine kwa pamba na alkoholi. Nikabadilisha kondasateri, vile vipipa vidogo vinavyotuliza umeme ndani, nikaweka vipya alivyoniletea Baba kutoka Goma. Mabafle, masanduku ya spika, yalikuwa ya plastiki, yanatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikamwomba seremala anitengenezee masanduku mawili ya libuyu, zile mbao nzito zinazotoka Walikale, nikahamishia spika humo. Chini ya lekteri nikalaza vipande vya mpira wa ndani wa tairi la moto, ndiyo pikipiki kwa lugha ya kwetu, ili mtikisiko wa magari ya barabarani usiifikie.

Kila nilipogeuza kitu kimoja, pazia moja liliondoka. Kwanza ilitokea ngoma, peke yake. Kisha nikasikia kwamba wanaume wamesimama upande wa kushoto. Siku nyingine nikasikia mtu anakohoa nyuma kabisa, nikafurahi kama nimeokota dhahabu! Hizo zilikuwa siku nzuri, mwanangu. Hata katika miaka ile tulikuwa na siku nzuri. Ukungu ulishuka toka milimani, ng'ombe walipita mbele ya duka wakienda sokoni, na mimi nimeinamia mashine, mkono unanuka moshi wa risasi ya kulehemu, najiona nakaribia.

Kilichobaki kilikuwa mngurumo. Umeme tuliupata kwa grupu, jenereta ya jirani, na ule mngurumo wake uliingia mpaka ndani ya wimbo. Fundi aliniambia, "Masika, hapo dawa iko batri. Batri haipigake kelele."

Batri nzuri mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya Papa Furaha.

Papa Furaha alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, mtu mrefu wa maneno machache. Mke wake, Mama Furaha, aliuza maziwa na fromaji, ile jibini ya kwetu. Nyumbani kwao ndiko ilikokaa foni, redio ya kuitana kati ya vijiji, maana simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Waya wake mrefu ulipita juu ya paa, na batri iliyoiwasha ilichajiwa na paneli ya jua. Mtu akitaka kujua kama njia ya Kalembe iko salama, alikwenda pale kuuliza.

Jumapili baada ya misa nilimfuata. Nilimweleza habari ya Mama bila kuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua batri mwenyewe na kunibebea mpaka mlangoni kwetu.

"Utairudisha lini?"

"Lundi asubui mapema, Papa." Lundi ndiyo Jumatatu.

"Sawa. Mama Furaha alienda Kalembe na fromaji. Ataniita kwa foni kesho mbele ya kutoka kule."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya. Kama nisingeambiwa, ningejitetea. Lakini nilisikia.

Jumapili yote iliyobaki nilipiga diski. Mngurumo ulikuwa umekwisha. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya ambacho sijakisikia tena. Jumatatu asubuhi nilijiambia, wimbo mmoja tu, kisha nairudisha. Nikaongeza mmoja. Na kweli, katika wimbo wa nne, kabla ya ubeti wa pili, mwanamke mmoja alivuta pumzi. Pumzi fupi, kama mtu anayeinua ndoo. Nikamjua kabla hajafungua kinywa. Mama alivuta pumzi hivyo hivyo kila alipotaka kuniita. Akaanza kuimba, na mimi nikamfuata ndani ya sauti zile zote kama mtoto anayeshika kitenge cha mama yake sokoni. Nililia. Nikarudia. Nikarudia tena. Jua likapanda, mimi sijui.

Papa Furaha aliingia bila kupiga hodi, jasho limemjaa usoni. Alikuwa amewaacha ng'ombe malishoni, kwa kuwa watu wa moto walimpitia wakamwambia kuna mapigano njiani, upande huu wa Kalembe. Mimi nikasimama nikicheka na kulia.

"Papa, nimemusikia! Nimemusikia Mama!"

Aling'oa nyaya, akaibeba batri kifuani, akakimbia, na mimi nyuma yake.

Aliifunga kwenye foni. Taa ikawaka, hafifu sana; nyimbo zangu zilikuwa zimeinyonya batri. Na sauti ikaja, mbali lakini wazi kabisa.

"Kitshanga, Kitshanga. Papa Furaha, uko? Njia iko muzuri?"

Alikuwa Mama Furaha mwenyewe. Papa Furaha alibonyeza akapiga kelele: "Usitoke! Usitoke, kuko vita!" Lakini foni, mwanangu, inakula nguvu kidogo ikisikiliza na nyingi ikisema. Alipobonyeza, taa ilizimika. Alipoachia, ikarudi. Akabonyeza tena, ikazimika. Mke wake hakusikia hata neno moja, na sisi tulikuwa tunamsikia kila kitu. Tulimsikia akimwambia mtu wa pale, "Pengine ameenda kwa ng'ombe." Tukamsikia akicheka kidogo. Kisha akasema, "Basi, kama hakuna neno, natoka. Tutaonana magaribi."

Papa Furaha aliiunga batri kwenye paneli. Nje mvua ilianza, na paneli haikuwa na jua la kunywa.

Magharibi hakufika. Jumanne hakufika. Sikuweza kula wala kukaa dukani. Nilikuwa nasimama mwanzo wa njia pamoja na Furaha, binti yao, naye alinishika mkono kwa sababu hakujua bado ni mimi niliyefanya. Nikamwambia mwenyewe. Hakuuachia mkono wangu mara moja. Aliuachia polepole.

Jumatano mchana walimleta kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wa mashamba ya huko wamembeba mabegani. Risasi zilipoanza, mwenye moto alianguka naye kwenye kona, mguu wa Mama Furaha ukavunjika juu ya kifundo. Alijiburuta ndani ya mahindi, akalala humo siku mbili akinywa maji ya mvua kwenye majani. Aliishi. Lakini mguu ule haukunyooka tena, na kazi ya kupeleka fromaji mbali iliishia hapo.

Nilikwenda kupiga magoti mbele yao. Baba alikuwa nami. Nilitegemea matusi, hata kipigo, na labda ningepata nafuu. Papa Furaha aliniambia niinuke, nikae kwenye kiti.

"Sikasiriki juu ya vile ulitaka kusikia mama yako," akasema. "Ni mie nilikupatia batri. Lakini mama yako hakukuwa na haraka, Masika. Angekungojea mpaka siku ingine, hata mwaka ingine. Mama Furaha ndo alikuwa anangoja jibu."

Nilichota maji nyumbani mwao mpaka mwaka ulipokwisha, na hakuna aliyeniagiza. Vita vilipotukimbiza kutoka Kitshanga, lekteri na masanduku ya libuyu vilibaki, na sijui nani alivichukua.

Sikuambii uache mashine yako, mwanangu. Itengeneze vizuri. Kutaka kusikia kitu kizuri kama kilivyo, mpaka pumzi ya mwimbaji, ni jambo jema, na saa ile niliyompata Mama sitaikana mbele ya mtu yeyote. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujakiondoa kitu mahali pake, uliza nani anakitegemea pale, na ukipewa jibu, lishike. Ukisema asubuhi, iwe asubuhi, hata kama furaha yako ndiyo kwanza inaanza. Na ukiwa umekosea, mwambie uliyemkosea wewe mwenyewe, asisikie kwa watu. Wapendwa wetu waliokufa tunawakumbuka kwa kuwatunza walio hai wanaotuita.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono yenye subira na moyo usiochelewa. Watu wako wakiwa njiani, awafikishe. Na siku utakapoita wewe, awepo wa kukujibu.